Filamu Tano Katika Kibanda cha Mjomba

Katika likizo ndefu iliyopita nilitazama filamu tano, na kila moja niliitazama mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa peke yangu, mbele ya kompyuta. Mara ya pili nilikuwa nimeshika kipaza sauti katika kibanda cha video cha mjomba wangu, huko Masaka. Maoni ninayoyatoa hapa yametokana na mara zote mbili, na mara nyingi hayakulingana. Filamu niliyoipenda peke yangu ilianguka kibandani, na nyingine niliyodhani itawachosha watu ikawafanya wasahau kwenda nyumbani.

Wenzangu mliokulia Uganda mnakijua kibanda. Kwa wasiokijua, ni chumba cha mbao na mabati chenye mabenchi, televisheni moja au mbili, na spika kubwa kuliko chumba chenyewe. Mwisho wa juma ni mpira wa Ulaya. Siku nyingine ni filamu, na filamu hiyo haiachwi ijisemee. Kuna VJ, yaani mtu anayeitafsiri kwa Kiluganda juu ya sauti za waigizaji, akieleza nani ni nani, akitania, na akitabiri nani atakufa. Kenya wana DJ Afro anayefanya kazi kama hiyo kwa Kiswahili cha mtaani, na Tanzania walikuwa na Lufufu. Kwetu watu wengi huchagua filamu kwa jina la VJ kabla ya kuuliza mwigizaji ni nani. Hata filamu ya Uganda iliyovuma sana nje, Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, iliyotengenezwa na Nabwana I.G.G. pale Wakaliga, Kampala, inajulikana ikiwa na sauti ya VJ Emmie anayeshangilia mwanzo hadi mwisho. Mwondoe VJ Emmie, filamu inabaki nusu.

Mjomba alinipa Jumatatu, siku ambayo kibanda hakina mpira wala wateja. Alitoa masharti mawili: kiingilio kiwe shilingi 500, na lazima VJ awepo. "Wewe si unasoma Kiswahili chuoni?" aliniambia. "Basi tafsiri." Watazamaji walikuwa waendesha bodaboda, mafundi ujenzi, vijana wa gereji, na mama mmoja anayepika chapati mlangoni, ambaye alitazama akiwa amesimama, mwiko mkononi. Maandishi ya Kiingereza yalikuwepo chini ya picha, lakini yanapita haraka, na aliyeketi benchi la nyuma hayaoni.

Nilikwenda na kipimo kimoja tu: filamu nzuri ni ile isiyohitaji kuelezwa. Nilirudi chuoni nikiwa nimekirekebisha.

Nianze na filamu ya taharuki. Nairobi Half Life (2012), iliyoongozwa na David Tosh Gitonga, ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Mhusika mkuu, Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, ni kijana wa kijijini anayeuza nakala za filamu za Kimarekani. Ili kuziuza, huwaigizia wateja wahusika wote kwa mdomo wake mwenyewe. Hapo kibanda kizima kilinigeukia na kucheka, kwa sababu Mwas ni VJ. Anakwenda Nairobi akiwa na ndoto ya kuwa mwigizaji na mzigo aliokabidhiwa na binamu yake. Siku ileile anaporwa, anakamatwa, analala mahabusu. Baadaye anaingia katika kundi la Oti, wezi wa vipuri vya magari, na wakati huohuo anapata nafasi katika mchezo wa jukwaani.

Taharuki ya filamu hii haitokani na bastola. Inatokana na hesabu. Unajua Mwas ana shilingi ngapi mfukoni, unajua anahitaji ngapi, na unaona kwamba kila njia halali ni ndefu kuliko usiku ulio mbele yake. Wizi wa vioo na taa za magari unapogeuka kuwa wizi wa magari yenyewe, hakuna anayeshtuka, kwa sababu tumepanda naye ngazi moja moja. Hilo ndilo jambo gumu kulifanya katika aina hii ya filamu, na Gitonga amelifanya vizuri.

Kazi yangu ya kutafsiri, hata hivyo, iliniaibisha. Mimi ninayepata alama nzuri katika sarufi nilikuwa nakwama kila baada ya dakika mbili, kwa sababu vijana wa Oti wanazungumza Sheng, na Sheng haijafika katika daftari langu. Aliyeniokoa ni mwendesha bodaboda mmoja aliyewahi kuwa utingo wa malori ya Mombasa. Alikuwa akipaza sauti kutoka benchi la tatu: "Hapana, hapo anasema polisi wamefika!" Baada ya nusu saa nilimpa kipaza sauti. Askari wa filamu nao hawakuhitaji mkalimani yeyote. Kwetu Uganda wazee wengi walikisikia Kiswahili kwanza kinywani mwa askari, tena kikiwa amri. Wale polisi wa Nairobi walipoanza kufoka, mzee mmoja mlangoni alikaa wima kama aliyeitwa jina. Nawaomba walimu wetu wanisamehe nikisema kwamba nilijifunza zaidi kuhusu tabaka za Kiswahili usiku ule kuliko katika muhula mzima.

Nina malalamiko mawili. La kwanza, Amina, mwanamke aliye kati ya Oti na Mwas, amewekwa pale ili wanaume wawili wapate cha kutazamiana vibaya. Tunajua anavyoishi, hatujui anachokitaka. La pili, uhusiano wa jukwaa na maisha umenyooshwa mno: mwizi anaigiza ujambazi, na mtunzi anatugusa begani kila mara ili tuone. Lakini mwisho unasamehewa yote. Mwas anatoka mahali penye maiti na kwenda moja kwa moja jukwaani, mbele ya watu waliovaa vizuri ambao hawajui chochote kuhusu siku yake. Wale wa kwenye filamu wanapiga makofi. Wa kibandani hawakupiga.

Jumatatu ya pili nilipeleka hadithi ya mizimu. Kati Kati (2016) ya Mbithi Masya, ambaye kabla ya hapo alijulikana katika kundi la muziki la Just a Band, ilipata tuzo ya wahakiki wa FIPRESCI katika tamasha la Toronto. Kaleche, anayeigizwa na Nyokabi Gethaiga, anaamka katikati ya mbuga kavu akiwa amevaa gauni la hospitali, bila kumbukumbu. Anafika kwenye kambi moja kama za watalii na kukuta watu wanasherehekea. Kiongozi wao, Thoma, anamweleza kwamba amekufa, kwamba wote pale wamekufa, na kwamba hawawezi kuondoka. Wanachokihitaji wanakiandika kwenye karatasi na kinaletwa.

Nilipoitazama peke yangu niliipenda sana. Hakuna mlango unaogongwa usiku, hakuna sura inayotokea kwenye kioo. Mtu anayeogopesha ni wewe mwenyewe, pale utakapokumbuka ulichofanya ulipokuwa hai. Wahusika hawa wanacheza, wanakunywa, wanataniana, na kila mmoja anakwepa jambo lake. Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki ni vigumu kuitazama hatia yao bila kukumbuka ghasia za Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliua watu zaidi ya 1,000. Filamu ina urefu wa takriban saa moja na robo tu, na sehemu yake ya mwisho haitoi faraja ya bure.

Kibandani ilikufa kwa mara ya pili. Baada ya dakika ishirini kijana mmoja aliuliza: "VJ, mzimu uko wapi?" Nikamjibu kwamba wote anaowaona ni mizimu. Watu wakacheka, nami nikafurahia kicheko. Kuanzia hapo nilitafuta vicheko vingine, na kila palipokuwa kimya nilipajaza. Mhusika alipokaa peke yake akitazama mbali, mimi nilimtungia mawazo. Nusu ya kosa ni langu. Nusu nyingine ni ya filamu, na hilo sikuliona nilipokuwa peke yangu. Sehemu ya kwanza ya Kati Kati ni maelezo matupu ya masharti: huwezi kupita hapa, ukitaka kitu andika pale, fulani amekaa muda gani. Thoma ni VJ aliyewekwa ndani ya filamu. Masharti ya ulimwengu ule yanapewa muda mwingi kuliko watu wake, na tunapofika kwenye maungamo tunakuwa tumewajua wahusika kwa majina na vichekesho vyao tu. Bado naisifu, lakini sasa naisifu kama filamu nzuri ambayo haikuwaamini watazamaji wake mapema.

Jumatatu ya tatu nilisita. Atlantique (2019) ya Mati Diop ilipata Grand Prix katika tamasha la Cannes, nayo ni ya Kiwolofu, lugha ambayo mimi, mjomba na benchi zima hatuijui. Ningetafsiri tafsiri. Tena ni filamu ya taratibu. Bahari inaonyeshwa, inaonyeshwa tena, na tena, na Masaka haina bahari.

Hadithi yenyewe ni hii. Dakar, kando ya bahari, linajengwa jengo refu la kifahari, na mafundi wake hawajalipwa kwa miezi kadhaa. Mmoja wao, Souleiman, anampenda Ada, msichana aliyekwisha kuposwa na Omar mwenye pesa. Usiku mmoja mafundi wanapanda mtumbwi kwenda Uhispania bila kuaga. Hawafiki. Siku ya harusi kitanda cha maharusi kinawaka moto, mpelelezi anaitwa, na wasichana wa mtaani wanaanza kuugua homa isiyoeleweka. Usiku macho yao yanakuwa meupe. Wanaamka, wanatembea peku hadi nyumbani kwa yule tajiri, wanaketi sebuleni kwake, na kumdai. Waliokufa baharini wamekuja kwa miili ya wasichana kuchukua mshahara wao.

Nilitafsiri kwa robo saa hivi. Mafundi walipokuwa wanadai pesa ofisini, kibanda kilikuwa kimya kwa namna ambayo sikuizoea, nami nikaogopa kwamba watu wamechoka, nikaanza kutania. Mama wa chapati akasema kutoka mlangoni: "Mwanangu, hebu nyamaza kidogo." Hakusema kwa hasira. Nikazima kipaza sauti, na kuanzia hapo nilitamka sentensi moja tu pale ambapo bila hiyo mtu angepotea kabisa. Alikuwa ameacha kupika. Binti yake yuko Uarabuni kwa kazi za nyumbani, mwaka wa pili sasa, na kwetu safari kama hizo tunaziita kyeyo, yaani ufagio. Wasichana wenye macho meupe walipoingia sebuleni kwa tajiri, fundi mmoja wa benchi la mbele alisema, bila kumwambia mtu yeyote, idadi ya miezi ambayo yeye mwenyewe anadai kwenye jengo fulani la mjini. Alitaja miezi tu. Hakuna aliyecheka wala kumuuliza.

Hapo ndipo nilipoielewa tofauti ya hadithi hizi mbili za mizimu. Wafu wa Kati Kati wana deni la kulipa, kwa hiyo tunapaswa kuambiwa ni deni gani, na maelezo yanakuwa mengi. Wafu wa Atlantique wanadai, na anachodai mtu aliyefanya kazi bila kulipwa hakihitaji kuelezwa mahali popote penye mafundi. Hata adhabu wanayomtoza tajiri inaeleweka na kila mzazi: pesa hazitoshi, lazima pia achimbe makaburi ya watu waliomezwa na maji wasipate kaburi. Katika mila zetu nyingi hilo ndilo deni kubwa kuliko mshahara.

Siisifu yote. Mpelelezi Issa anatembea polepole kuelekea jibu tulilokwisha kulijua, na jinsi anavyofungwa katika hadithi ya mapenzi ni kama mtunzi alihitaji mwili wa mwanamume na Issa ndiye aliyekuwa karibu. Souleiman naye anaondoka mapema mno. Namlilia kwa sababu Ada anamlilia, si kwa sababu nilimjua. Lakini ni filamu pekee kati ya tano ambayo watu walibaki kuijadili nje, mataa ya kibanda yakiwa yamezimwa.

Ya nne ilikuwa tamthilia ya mapenzi na siasa, na ndiyo niliyoisubiri kwa hamu. Vuta N'kuvute (2021) ya Amil Shivji imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi yenye jina hilohilo, ambayo wengi wetu tumeisoma, wengine kwa kupenda na wengine kwa sababu ya mtihani. Tanzania iliipeleka filamu hii Oscar, ikiwa haijapeleka filamu nyingine tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Tuko Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza. Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi aliyeozwa kwa mume mzee, anatoroka na kukimbilia kwa rafiki yake Mwajuma, ambaye katika filamu anaigizwa na mwimbaji Siti Amina. Huko anakutana na Denge, kijana anayepinga ukoloni na kusambaza maandishi yaliyopigwa marufuku.

Safari hii mambo yaligeuka. Utingo wetu wa Mombasa alikaa kimya, nami nikawa mwenye lugha. Kiswahili cha Unguja ndicho nilichofundishwa, na kukisikia kikisemwa na watu wanaopendana na kugombana, badala ya kukisoma katika mifano ya vitabu, kulinifurahisha mno. Ndiyo sababu niliharibu kila kitu. Shivji amechagua kusema machache. Anaacha mvua, kuta za mawe, mwanga wa taa na muziki vifanye kazi ambayo Shafi aliifanya kwa mazungumzo. Mimi nilirudisha mazungumzo yote. Nilieleza Bwana Raza ni nani, nilieleza asili ya Mwajuma, nilieleza hata mambo ambayo filamu imeyaacha kwa makusudi. Tulipomaliza, seremala mmoja aliniambia kwa upole: "Hadithi yako ni nzuri, lakini sikuiona mle."

Alisema kweli. Nilikuwa nimewasomea riwaya huku picha zikipita. Nafikiri sisi wanafunzi wa fasihi tuna ugonjwa huu: filamu inayotokana na kitabu tunaipima kwa kuhesabu kilichokatwa. Nilipoitazama mara ya tatu, peke yangu, bila kitabu kichwani, niliona mambo ambayo kitabu hakina: Yasmin anavyobadilika namna ya kutembea kadiri anavyouzoea mtaa wa Ng'ambo, na Mwajuma anavyoijaza nyumba hata anapokuwa amekaa tu.

Hata hivyo, seremala angeweza kuuliza swali jingine, nami ningekosa jibu. Siasa za filamu hii ni kama manukato. Tunaona karatasi zinafichwa, zinapitishwa, zinatafutwa na polisi, lakini nilitoka bila kuhisi uzito wa kilichoandikwa ndani yake. Katika riwaya Denge anabishana na watu, anashindwa kujibu, anawaudhi. Katika filamu ni mzuri wa sura na mwenye siri. Mtu anayehatarisha maisha yake kwa ajili ya maneno anastahili tuyasikie maneno hayo. Hapa ukimya wa filamu, ambao kwingine unapendeza, unaficha pengo.

Nilimalizia na filamu ya hali halisi. Softie (2020) ya Sam Soko inamfuata Boniface Mwangi, mpiga picha wa Kenya aliyejulikana kwa picha zake za zile ghasia za 2007 na 2008, baadaye akawa mwanaharakati, na mwaka 2017 akagombea ubunge wa Starehe, Nairobi. Alishindwa na Jaguar, mwanamuziki. Filamu ilipata tuzo maalumu ya uhariri katika tamasha la Sundance, na inaistahili, kwa kuwa inaruka kutoka maandamano hadi meza ya chakula bila kukupoteza. Sehemu zinazofupisha historia ya siasa za Kenya ni dhahiri zimekusudiwa mtazamaji wa mbali. Sehemu za nyumbani ndizo filamu yenyewe: mke wake, Njeri, watoto, simu za vitisho, na hatimaye familia kwenda Marekani huku yeye akibaki na kampeni.

Kampeni ile iliwachekesha waendesha bodaboda kuliko vichekesho vyangu vyote. Mwangi anakataa kugawa pesa kwa wapiga kura, na wapiga kura wanamshangaa. Kibanda kilikuwa upande wa wapiga kura. Mmoja alisema kwamba pesa ya kampeni ndiyo mshahara pekee ambao siasa imewahi kumlipa. Sikubaliani naye, lakini filamu ilipaswa kumsikiliza mtu kama huyo walau dakika tano. Inawaonyesha wanaoomba pesa kama umati, kama ugonjwa wa nchi. Haikai na hata mmoja wao nyumbani kwake, kama inavyokaa na mgombea. Nadhani hapo ukaribu wa mwongozaji na Mwangi, ambao umetupa picha za ndani kabisa, umemziba jicho moja.

Na hapo hapo nilifanya kosa langu kubwa kuliko yote. Swali la filamu hii ni la Njeri: kati ya nchi na familia, kipi kinatangulia? Anaushikilia msimamo wake, na anamkabili mumewe kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulifikiria jambo usiku mwingi. Mimi kwa Kiluganda nilimfanya abembeleze. Sikukusudia. Nilitumia sauti nyembamba, nikaongeza "tafadhali" mbili tatu, kwa sababu ndivyo ma-VJ wanavyowasemea wake wa mashujaa, na nilikuwa nimewasikiliza tangu utotoni. Wanaume walitikisa vichwa kwa huruma, na shujaa akabaki shujaa.

Mke wa mjomba aliwahi kufanya kazi Nairobi miaka kadhaa, anakijua Kiswahili kuliko mimi. Tulipokuwa tunafunga kibanda aliniambia: "Yule mwanamke hakuomba, mwanangu. Alikuwa anadai. Mbona ulimnyenyekeza?" Nilianza kueleza habari ya mtindo wa ma-VJ. Akachukua ufunguo akaondoka. Nililala nikijiuliza ni mara ngapi nimefanya hivyo katika insha zangu za uhakiki, ambako hakuna mtu wa kunisubiri mlangoni. Tunapoandika kwamba mhusika fulani wa kike ni "mvumilivu" au "mnyenyekevu," tumemsikiliza, au tumemwazima sauti tuliyoizoea?

Basi kipimo changu nimekirekebisha hivi. Filamu kuhitaji maelezo si dosari. Nairobi Half Life ilihitaji maelezo mengi kuliko zote, na utingo alipoyatoa ilizidi kuwa nzuri, kwa kuwa alieleza maneno, akawaacha watu wenyewe waamue juu ya Mwas. Dosari huja pale maelezo yanapochukua nafasi ya kazi ambayo mtazamaji angeifanya mwenyewe, iwe ni mwongozaji anayeyatoa, kama katika Kati Kati, au ni mimi, kama katika Vuta N'kuvute na Softie. Kwa wanaopenda orodha: ya kwanza kwangu ni Atlantique, ya pili Nairobi Half Life, ya tatu Softie, kisha Kati Kati, na mwisho Vuta N'kuvute. Hii ya mwisho nimeiweka hapo kwa shingo upande, nami niko tayari kubishana na yeyote darasani.

Mjomba ameniambia kwamba likizo ijayo Jumatatu bado ni yangu. Hasara ya Jumatatu tano haikuwa kubwa, alisema, na chapati ziliuzika, isipokuwa ule usiku wa tatu. Ameomba nilete filamu yenye magari. Nitaleta moja yenye magari, kisha nitairudia Softie, na safari hii kipaza sauti kwa maneno ya Njeri atakishika mke wa mjomba.